Usiku wa Kwanza Kutoka Sori

Agosti 1997 nilikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa mjini Migori niliyelijua ziwa kwa kulitazama tu. Mjomba wangu alikuwa na mashua ya tanga pale Sori, kwenye ghuba ya Karungu. Mmoja wa vijana wake wawili akashikwa na malaria, nikaambiwa nishike upo. Sikujua upo ni nini. Ni chombo cha kufulia maji, na usiku kucha hicho ndicho kilikuwa cheo changu.

Tukapakia magunia ya omena, dagaa wa ziwani, ya kwenda Homa Bay kupitia Mbita, tukangoja. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Nilidhani mjomba anaogopa, kumbe anasubiri nchi ipoe. Mchana upepo hutoka ziwani kuja bara. Usiku vilima hupoa upesi kuliko maji, na upepo hugeuka. Watu wa Pwani huuita umande, neno nililolipata Mombasa miaka mingi baadaye nikalipenda, maana hata kwetu huja na ubaridi wa majimaji shingoni. Ulipotufikia tukatweka tanga. Sori ikabaki taa mbili tatu nyuma yetu, kisha hata hizo zikazama.

Mwezi haukuwapo. Ngamani sikuuona hata mkono wangu. Nilijua maji yamekwisha niliposikia upo ukikwaruza ubao. Kando yangu palifungwa mtungi mtupu wa lita 20, ndio jaketi letu la kuokolea, watu watatu. Nikaukumbatia.

"Mjomba, njia unaionaje?"

"Siioni. Naona mahali nyota zinapokatika."

Nikatazama kulia. Vilima vya Gwassi havikuonekana, ila chini ya anga nyota zilikuwa zimeliwa kwa mstari wa nundu na mabonde. Kila nundu aliijua kwa jina. Saa saba ilipopita, nyota za Kilimia zikachomoza juu ya mojawapo, naye akasogeza usukani kidogo bila kusema neno. Mara kwa mara aligeuka kutazama magharibi, kulikomulika umeme usio na ngurumo. Mimi niliuona mapambo. Sikujua kwamba usiku upepo wa bara huingia ziwani kutoka pande zote, Kenya, Uganda na Tanzania, ukikutana huko katikati hupanda juu na kuzaa dhoruba.

Karibu na Nyandiwa nikaona mji mbele yetu, umejaa taa za manjano.

"Huo ni mji gani?"

Walicheka mpaka mashua ikayumba. Zilikuwa taa za wavuvi wa omena, kila karabai juu ya boya lake, samaki wakijikusanya chini yake. Tulipokaribia nikasikia karabai zikivuma, harufu ya mafuta taa ikatanda, na nyuso za watu zikatokea zimemulikwa kuanzia kidevuni. Wakatufokea kwa Kijaluo tukae mbali na nyavu. Mjomba akawajibu kwa kuuliza bei ya omena ufukweni, wakamtajia, ugomvi ukaishia hapo. Kisha akanisimulia habari za Nyamgondho, mvuvi wa hapo hapo Nyandiwa aliyenasa kikongwe wavuni, akatajirika, akamtukana, na ng'ombe wote wakamfuata bibi kurudi ziwani. Shuleni hadithi hiyo ilinichekesha. Usiku ule, juu ya maji yale yale, niliendelea kufua bila kuchovya hata kidole.

Tulipoizunguka Gwassi upepo ukatujia usoni. Tukatua tanga, tukashika makafi, kisiwa cha Mfangano kushoto kwetu kikianza kupata umbo. Mbita tulifika jua limeshakuwa kali. Na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu tangu miaka ya themanini mkondo kati ya kisiwa cha Rusinga na bara ulikuwa umezibwa kwa tuta la barabara. Chombo cha kwenda Homa Bay mjini kililazimika kuizunguka Rusinga nzima. Mjomba hakuwa na subira hiyo. Tulibeba magunia mgongoni, tukavuka tuta, tukayapakia kwenye mashua nyingine upande wa pili. Alilitukana tuta lile kimyakimya, gunia kwa gunia.

Nilirudi njia ile Agosti 2018, safari hii kwa boti ya faiba yenye injini. Hatukungoja nchi ipoe. Nahodha, kijana mdogo, alinivalisha jaketi kabla sijaketi. Nyandiwa ule mji ulikuwapo bado, ila sasa taa zake nyeupe, za betri na sola. Mbita kwenyewe kampuni ya Osram ilifungua kituo cha kuchaji taa za wavuvi mwaka 2008. Siililii karabai. Ilikula mafuta, na mafuta yalikula pesa ya mvuvi kabla hajaiona. Lakini nilipotazama kulia sikuona mahali nyota zinapokatika. Weupe ule ulikuwa umefuta mstari wote.

"Ile nundu ya pale inaitwaje?" nikamuuliza nahodha.

"Ipi, mzee?"

Akanigeuzia simu. Tulikuwa nukta ya buluu, na mbele yetu hapakuwa na mvua mpaka asubuhi. Hilo la mvua mjomba asingeweza kuniahidi.

Mbita tulifika bado giza. Tuta liliondolewa, na tangu 2017 pana daraja. Injini ikapunguza sauti, zege likapita juu ya vichwa vyetu, na nikajikuta nimeshasimama, mkono umeshika shingo ya gunia.

"Kaa chini, mzee," kijana akasema. "Bado."