Kidonge cha Alfajiri



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, wanafunzi wenzetu na wazazi wetu, tunapenda kuwaeleza jambo tulilojifunza nyumbani: dawa iliyomezwa si lazima iwe imeingia mwilini. Saa ya kuimeza nayo ni sehemu ya tiba.

Kwetu ni Karagwe, na wajomba zetu wako Kyerwa. Mama yetu aliota rovu, akapasuliwa na tezi ya shingo ikaondolewa yote. Tezi hiyo hutengeneza homoni inayoendesha joto la mwili na mapigo ya moyo, na mtoto aliye tumboni huitegemea homoni ya mama yake ili ubongo wake ukue vizuri. Asiyekuwa na tezi humeza kidonge cha levothairoksini kila siku, maisha yake yote.

Mama alipopata ujauzito, alipewa kliniki vidonge vya kuongeza damu, ambavyo vina madini ya chuma. Chumba kimoja walimwambia ameze asubuhi, na chumba kingine vilevile. Akawa anavimeza vyote pamoja, kwa chai ya maziwa, kabla ya kwenda kwenye migomba. Baada ya wiki kadhaa mwili ukawa mzito, baridi haimwishi, usingizi mchana kutwa. Majirani wakasema ni mimba tu. Kipimo cha damu kikaonyesha homoni imepungua, na hali hakuruka kidonge hata siku moja. Muuguzi mmoja, Allah amlipe kheri, ndiye aliyeuliza: "Mama, unameza pamoja na nini?"

Akatufahamisha. Chuma hushikamana na levothairoksini tumboni, dawa ikapita bila kunyonywa vizuri. Kalsiamu hufanya hivyo hivyo, na pia dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu. Hizo zitenganishwe na kidonge kwa muda wa saa 4. Chakula, maziwa na kahawa, ambayo kwetu haikosekani, visubiri nusu saa hadi saa nzima. Dawa nyingine, kama rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa, huufanya mwili uimalize homoni haraka. Kwa hizo kutenganisha saa hakutoshi, lazima daktari ajue. Tena levothairoksini hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo kosa la leo halionekani kesho. Huja polepole, na mtu akadhani ni uchovu.

Basi tukapanga kwa nyakati za Swala. Ikiadhiniwa Alfajiri, mama anameza kidonge kwa maji matupu. Anaswali, sisi tunadurusu Qur'ani, na chai inafuata saa moja asubuhi. Vidonge vya damu ni baada ya Adhuhuri na chakula cha mchana. Daktari alimwongezea dozi na kipimo kikarudiwa mpaka kikakaa sawa. Alhamdulillah, alijifungua salama, na mdogo wetu huyo sasa anasoma Juzuu Amma.

Ramadhani ina mpango wake. Mgonjwa na mjamzito wana ruhusa yao, na hilo huulizwa kwa daktari na kwa sheikh. Anayeweza kufunga humeza kidonge nusu saa hadi saa nzima kabla ya daku, au wakati wa kulala, saa 3 baada ya kula. Vidonge vya damu, kama anavyo, humezwa pamoja na futari ikiwa kidonge ni cha daku. Akimeza wakati wa kulala, amuulize daktari pa kuviweka.

Wanafunzi wenzetu, katika nyumba nyingi anayesoma karatasi ya dawa ni wewe. Mzazi akirudi na dawa mpya, zipange zote mezani na umwombe aende nazo kliniki zikiwa pamoja. Asipunguze wala asiache kidonge kwa kusikia maneno ya watu.

Wabillahi tawfiq.