Kawagoe, mji wa nyumba nyeusi

Kutoka Ikebukuro, mjini Tokyo, treni ya haraka yafika Kawagoe kwa muda wa nusu saa hivi. Zamani wafanya biashara wa hapa walipeleka mizigo yao Edo, ndiyo Tokyo ya leo, kwa mashua za mto Shingashi.

Katika barabara kuu tulistaajabu. Maduka ni meusi, mapaa yake ni ya vigae vizito, na vifuniko vya madirisha ni vinene mno, vyafungika barabara ili moto usipenye. Maana mwaka 1893 moto uliteketeza nyumba zaidi ya 1,300, karibu theluthi ya mji. Nyumba za mbao zikawa majivu. Lakini ile ya ukoo wa Osawa, iliyojengwa mwaka 1792 kwa kuta nene za udongo, ikasalia. Matajiri walipoona hayo, wakajenga vivyo hivyo. Udongo, ndugu wasomaji, ambao wengine wetu twauonea haya!

Adhuhuri tukasikia kengele ya Toki no Kane, mnara wa mbao wa mita 16 hivi, uliojengwa tena baada ya moto ule. Kisha tukapita kichochoro cha wauza peremende, tukanunua viazi vitamu, sifa ya mji huu, tukala mpaka tukashiba.