Vifaranga 28 na baridi ya Iringa



Najua nimepotea. Zaidi ya wiki sita sijaandika kitu humu na wengine mmeshaanza kueneza kwamba nimeoa. Hapana jamani. Nipo, nabukua, na nafuga kuku. Wale mnaokaa karibu nami kwenye leksha mmekuwa mkiniuliza, tena kwa upole, kwa nini siku hizi nanukia moshi na maranda. Leo nawajibu wote kwa mkupuo, maana UE inaanza wiki ijayo na nikianza kumsimulia mmoja mmoja nitakuja kula supu ya bure.

Mnaijua hali ya mkopo. Mwenzangu ninayekaa naye geto anapata asilimia fulani ya ada, si yote, na mimi hivyo hivyo. Kinachobaki ni juu yetu na wazazi wetu. Wangu wanalima mahindi Korogwe, na mahindi ya mwaka huu yameishia kuliwa nyumbani. Mwezi wa kumi na moja tukija kujisajili, kila mmoja wetu anatakiwa awe na laki moja na nusu mkononi. Bumu huwa linaisha wiki ya tatu, kwa hiyo huko msinishauri.

Hapo ndipo anapoingia mama mwenye nyumba. Nyuma ya nyumba yake kuna banda la matofali ambalo marehemu mume wake alilijenga. Miaka miwili lilikuwa stoo ya kuni. Mwezi wa tano mitetea wake watatu wakaanza kuatamia kwa wakati mmoja, na siku moja akatuita uani. "Wanangu, mimi mgongo umenichosha. Nyie leeni, wakikua tugawane nusu kwa nusu. Mnaonaje?" Tuliitikia sawa mama kabla hajameza mate. Banda na mitetea ni vya kwake, chakula na usingizi wa kupoteza ni vyetu. Tarehe 28 Mei wakaanguliwa. 31 kamili!

Wawili walikufa wiki ya kwanza, walitoka kwenye yai wakiwa dhaifu. Mmoja akachukuliwa na mwewe mchana kweupe, mama yake akiwa hatua mbili tu. Wakabaki 28. Nusu yao ni 14, yaani mimi 7 na mwenzangu 7. Jogoo mzuri wa kienyeji hapa mjini anafika 25,000, mtetea kama 18,000 hivi. Pigeni hesabu wenyewe. Wale 7 ndiyo laki na nusu yangu karibu kwa shilingi, hakuna hata mmoja wa ziada. Kila nikimwangalia kifaranga anapiga chafya naona ada yangu inapiga chafya.

Sasa, kwa msiokaa huku. Iringa mjini tuko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Agosti usiku nyuzi zinashuka mpaka 10 na ushee, na upepo wake usiombe. Mimi mtoto wa Korogwe mwaka wa kwanza nililala na soksi mbili na bado nikalia. Wenzetu wa Njombe na Makete wanatucheka, kwao kuna asubuhi majani yanaamka meupe kwa barafu. Lakini kifaranga hajali utani wa Wabena na Wakinga. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 mpaka 35, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka aote manyoya ya kweli. Yale malaika anayozaliwa nayo ni urembo tu, hayazuii kitu.

Kuku mkubwa ni habari nyingine. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na akiona baridi anajivimbisha, hewa inanaswa katikati ya manyoya, anakuwa kama amevaa godoro. Kuku mzima aliyeshiba, aliye pakavu, baridi ya Iringa haimuui. Kwa hiyo mkimwona mtu anawasha moto kwa ajili ya majogoo, mwambieni akajiwashie mwenyewe.

Wiki mbili za mwanzo mitetea ndio waliofanya kazi yote. Kifua cha mtetea ni mashine ambayo wahandisi bado hawajaifikia. Ila baada ya hapo mama akawataka warudi kutaga, maana mayai ndiyo yanayomnunulia sukari. Haki yake. Tukabaki na watoto 28 wa siku 14, katikati ya Juni, bila mama.

Umeme? Taa ya kutoa joto ipo madukani, lakini umeme ukikatika saa nane usiku umekwisha, na luku yetu tunachangia wapangaji watano. Mkaa? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna jamaa mtaa wa pili, mwanachuo pia, alikuwa na vifaranga 40. Usiku wa baridi akaingiza jiko la mkaa bandani, akaziba kila tundu kwa magunia, akaenda kulala na roho nyeupe. Asubuhi wote 40 walikuwa wamelala chini, hakuna jeraha, hakuna damu. Majirani wakaanza minong'ono ya uchawi. Jamani, ni kaboni monoksaidi. Haina harufu, haionekani, na ndiyo hiyo hiyo inayoua watu wanaolala na jiko ndani kwenye mikoa ya baridi. Nilimweleza kwa adabu, sijui kama alinisikia, alikuwa bado anamtafuta mbaya wake.

Sisi tulitengeneza kinengunengu. Walimu wa kilimo mtacheka, lakini wengine hamjui, ngoja nieleze. Ni wigo wa duara ndani ya wigo mwingine. Tulitumia maboksi magumu ya dukani, na katikati ya kuta mbili tukashindilia nyasi kavu. Chini maranda, juu tukafunika nusu kwa blanketi kuukuu, nusu wazi. Ndani tunaweka madumu matatu ya lita tano yenye maji ya moto, kila moja limefungwa khanga kuukuu ili wasiungue. Maji tunachemshia nje. Saa nne usiku tunaweka, saa tisa na nusu tunabadilisha. Mwenzangu ni Mpare, kwa hiyo kuna ratiba ya zamu ukutani na daftari la mkaa, na kila kipande kina maelezo. Mtani wangu huyu akija kuwa waziri wa fedha nchi itapona.

Kwa nini duara? Kwa sababu vifaranga wakiona baridi wanakimbilia kwenye kona na kupandana, walio chini wanakosa hewa wanakufa. Unakuta asubuhi sita wamekufa kwenye kona moja, unadhani ugonjwa kumbe ni msongamano. Duara halina kona. Na kipimajoto hatuna, vifaranga wenyewe ndio kipimajoto. Wakijikusanya kwenye madumu na kulia ile pii pii kali, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, joto limezidi, vuta blanketi. Wakitawanyika wakanyamaza, rudi kwenye madesa yako.

Jambo lililotugombanisha na mama mwenye nyumba kidogo ni matundu. Yeye alitaka tuzibe banda lote "ili upepo usiingie". Ni kawaida ya watu wengi huku, kipupwe kikiingia wanageuza banda kuwa kopo la sadini. Tatizo kuku wanapumua, wananyea, na unyevu wote huo hauna pa kwenda. Asubuhi ukifungua, ile harufu ya mkojo inayochoma macho ni amonia, na kifaranga anaivuta usiku kucha akiwa sentimita chache kutoka sakafuni. Hapo ndipo mafua yanapoanzia. Maranda yakilowa ndiyo balaa zaidi, wanaanza kuhara damu. Tulichofanya ni kuziba chini kote, mpaka juu ya kimo cha kuku akiwa amekaa kwenye fito, halafu juu chini ya bati tukaacha nafasi ya kiganja kuzunguka banda lote, imewekwa waya. Upepo unapita juu ya vichwa, hewa chafu inatoka, wao hawaguswi. Mama alikuja kunusa siku ya tatu. Hakusema kitu, ila jioni alituletea ugali na mlenda. Nimeichukulia kama barua ya kukubali.

Maranda tunaletewa na dereva mmoja anayebeba mbao kutoka Mafinga, huko kwenye msitu wa Sao Hill yanatupwa tu. Gunia anatuuzia bei ya soda.

Baridi tumeimudu. Wezi je? Maana kuna wezi wa miguu miwili, minne, na wasio na miguu kabisa.

Wa mchana ni mwewe. Jirani yetu ametundika sidii za zamani kwenye kamba zimemetemete. Wiki ya kwanza mwewe aliogopa, wiki ya pili nadhani alikuwa anajitazamia humo. Kinachosaidia kweli ni tenga kwa wadogo na vichaka kwa wakubwa. Tuliacha matete na mbono pembeni ya uani makusudi, mwewe akipita wote wanajichimbia humo sekunde mbili tu. Uani palipofyekwa pakawa peupe kama uwanja wa Samora panapendeza kwa wageni, na mwewe anapapenda pia.

Wa usiku, huku kila kitu kinaitwa kicheche. Kanu ni kicheche, nguchiro naye kicheche, hata paka wa jirani akinaswa atasingiziwa ukicheche. Vyovyote aitwavyo, ana tabia mbili: anachimba na anapenya. Ule waya mwepesi wa matundu makubwa unaouzwa kwa jina la waya wa kuku unamzuia kuku asitoke, haumzuii mnyama asiingie. Anautafuna au anaingiza mkono na kumvuta kuku vipande vipande. Mwenzangu alilia na bei lakini tukanunua ule mgumu wa matundu ya nusu inchi, mita chache tu, kwa ajili ya ile nafasi ya juu na dirisha. Na kuzunguka msingi tukachimba mtaro wa kama sentimita 30, tukaujaza mawe na kufukia. Iringa mawe ni bure, tuna utajiri huo.

Usiku wa tarehe 24 Juni mbwa walibweka sana. Tulitoka na tochi ya simu na fimbo, mimi mbele, Mpare nyuma yangu akishika fulana yangu eti ananilinda. Hatukuona kitu. Asubuhi tukakuta udongo umefukuliwa sehemu tatu chini ya ukuta, kila sehemu mnyama kafika kwenye mawe akaacha. Nilihesabu vifaranga mara mbili. 28.

Panya ndiye asiyetajwa na ndiye ninayemwogopa zaidi. Anabeba kifaranga mdogo bila kelele, hakuna damu wala manyoya, idadi tu inapungua. Kwa hiyo chakula hakilali bandani, pumba zote zipo kwenye ndoo yenye mfuniko. Na siafu, huo ni mkasa wa masika. Mama anasema mwaka mmoja mwezi wa nne siafu walimkuta mtetea juu ya mayai, mtetea akagoma kuondoka, asubuhi akakuta mifupa. Akisimulia hii anaangalia pembeni. Tangu hapo kila masika anazungushia majivu, na jioni anapita kuangalia na taa kabla hajalala.

Saa kumi na mbili jioni naita rejista. Sicheki, kweli naita. Nasimama mlangoni na kuhesabu wanavyoingia, kama mwalimu wa zamu. Tunasoma usimamizi wa darasa kwa semista nzima na sijawahi kuwa na darasa linalonitii kama hili.

Mdondo nao tumeuwahi. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho, unarudia kila miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi, hivyo tulipita nyumba kwa nyumba tukapata majirani sita, tukachangishana, kila kuku wa mtaa akapata tone lake siku moja. Ukiwachanja wako tu na wa jirani wakafa, uani mwako hapatakuwa salama kwa maneno ya watu.

Sasa lililobaki. UE ikiisha tunaingia TP. Mwenzangu kapangiwa shule ya mbali, Ludewa, hawezi kurudi kila wiki. Mimi nilikuwa nimeomba Korogwe, nikale ugali wa nyumbani miezi miwili. Juzi nimeenda kubadilisha, nimeomba shule ya hapa hapa mjini, na wamekubali. Nikampigia mama yangu kumweleza. Alinyamaza, nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Haya baba. Hao kuku wamekupa nini ambacho mimi sikukupa?"

Nilimwambia ni ada, mama. Akacheka, lakini si kile kicheko chake cha kawaida, akaniuliza kama nina sweta. Nimeahidi kwenda Desemba na jogoo mmoja mkononi, ambaye bado sijui nitamtoa kwenye saba gani.

Haya, saa nne hii, birika linachemka nje na zamu ni yangu. Mwenye madesa ya upimaji na tathmini anitafute kesho asubuhi pale kantini, chai nanunua mimi. Ila iwe chai kavu.