Kipimo cha Ndani na Kipimo cha Nje

Ukimwendea seremala ukamwagiza sanduku la upana wa sentimita 60, seremala mwangalifu atakuuliza: kipimo hicho ni cha ndani ama cha nje? Mbao zina unene, na sanduku lililopimwa kwa ndani yamkini lisiingie katika pembe ya chumba uliyoliwekea. Swali hilohilo liliwatia taabuni kwa miaka mingi watengenezaji wa kurasa za intaneti. Nakusimulia habari zake kwa kuwa kurasa hizo wazisoma, na huenda umepata kushangaa kuona ukurasa mmoja una sura mbili katika simu mbili.

Ukurasa wa tovuti haukufikii kama picha iliyokwisha kuchorwa. Hufika ukiwa maandishi pamoja na maagizo: kichwa kiwe kikubwa, safu hii iwe na upana huu, rangi iwe ile. Lugha ya maagizo hayo huitwa CSS. Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994, na kanuni zake za kwanza zilipitishwa mwaka 1996. Mwenye kuyasoma maagizo na kuuchora ukurasa ni kivinjari, nacho si kimoja: kuna Chrome, Firefox, Safari, Opera na vinginevyo.

Kanuni zilisema kuwa upana ni wa yaliyomo tu. Nafasi inayoyazunguka na mstari wa mpaka huongezwa kwa nje. Kwa hiyo safu ya piseli 300, yenye nafasi ya piseli 20 na mpaka wa piseli 5 kila upande, huchukua piseli 350. Lakini Internet Explorer 5 ilivihesabu vyote ndani ya zile 300. Panga safu mbili za namna hiyo katika ukurasa wa piseli 600: katika kivinjari hicho zitaenea barabara, na katika kinachofuata kanuni safu ya pili itaporomoka chini ya ya kwanza. Watu walitunga hila nyingi za kukihadaa kivinjari kimoja bila ya kukiudhi kingine. Na ajabu ni kwamba kipimo kilicholaumiwa ndicho wengi walichokiona chepesi. Hata baadaye CSS ikapewa agizo la box-sizing, linalomruhusu mwandishi kuchagua kipimo akitakacho. Internet Explorer yenyewe iliachwa rasmi mwaka 2022.

Usidhani kuwa mambo yaliishia hapo. Katika shule ninayofundisha, kazi za likizo huwekwa katika tovuti. Msichana mmoja wa kidato cha pili alirudi mikono mitupu, na jina lake likaandikwa katika orodha ya wavivu. Alisema hakuona mahali pa kubonyeza. Maneno hayo hayakusadikiwa, mpaka mama yake alipokuja na simu yake, tukaufungua ukurasa kwa Opera Mini. Kivinjari hicho, kinapobana matumizi, huacha ukurasa uandaliwe na kompyuta za mbali, kisha huuleta ukiwa umepunguzwa. Tena hakichukui chapa za herufi zinazoletwa na tovuti. Fundi wa tovuti alikuwa ameweka mshale uliofumbatwa katika chapa ya namna hiyo. Katika simu ya mama yule palikuwa na kimraba kitupu. Jina la binti likafutwa siku ileile.

Sasa, CSS ina tabia moja njema: kivinjari kikikuta agizo kisilolifahamu hulipita, kikaendelea na linalofuata. Basi mwandishi mwenye busara hutanguliza agizo sahili linaloeleweka kote, kisha huandika chini yake lile la kisasa. Mathalan, mpango wa safu kwa gridi ulienea katika vivinjari vikubwa mwaka 2017. Kisichoujua hupanga safu moja chini ya nyingine, na hakuna neno linalopotea. Kwa maoni yangu, kung'ang'ania sura iwe ileile kila mahali ni kujichosha bure. Linalodaiwa ni kwamba kila msomaji ayapate yaliyoandikwa, hasa mwenye simu duni, maana huyo aghalabu hana nyingine.

Tuliondoa mshale, tukaandika neno Pakua. Kisha nikaazima simu za walimu wenzangu watatu. Katika moja safu zilikuwa mbili, katika nyingine moja, na katika ya tatu rangi ya kichwa ilififia kidogo; neno Pakua lilisomeka katika zote.