Nyama za Pua na Kisu cha Tabibu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa pumzi bila ya kutudai bei yake. Mwanadamu hupumua kiasi cha mara 20,000 usiku na mchana, na jua likitua hakumbuki hata pumzi moja aliyoishukuru. Mimi, ndugu msomaji, nilijifunza kuishukuru nilipokuwa siipati.

Twafundishwa tangu utotoni kwamba tunapotawadha tupandishe maji puani kisha tuyapenge. Kwa muda wa miaka tisa maji niliyoyapandisha katika tundu la kushoto hayakupita. Nilipoinama kusujudu, na tundu la kulia nalo lilifunga, nikawa nainua kichwa upesi, si kwa shughuli za dunia, bali kwa kutafuta hewa. Usiku nililala kinywa wazi, na alfajiri nikaamka koo limekauka na kichwa kizito, nikaisali Swala yangu nusu ndotoni. Kila niliyemweleza taabu yangu alinijibu jawabu moja: "Hizo ni nyama za pua. Kazikate."

Neno hilo lilinitia hofu kwa sababu ya kaka yangu. Naye alipokuwa kijana aliambiwa ana nyama za pua, akaenda kukatwa. Tabibu aliyemkata aliziondoa nyama zote za ubavuni, kulia na kushoto, asibakishe kitu. Siku za mwanzo kaka alifurahi. Baada ya miezi, pua ilianza kukauka, ikajaa magamba makavu na harufu asiyoipenda mwenyewe. Na lililo ajabu zaidi, tundu zake ziko wazi kabisa lakini yeye hujiona hapumui. Aliniambia siku moja, "Mdogo wangu, hewa inaingia, ila mimi siisikii." Nyama iliyokatwa hairudi. Hadi leo huosha pua yake kwa maji ya chumvi kila siku ili apate nafuu.

Basi niliendelea na chupa ndogo ya dawa ya matone niliyokuwa nikiinunua dukani, na pengine ningeendelea nayo mpaka leo, lau si binti yetu. Alipofika miaka mitano alikuwa akikoroma kama mtu mzima, na usiku pumzi zake zilikatika, kisha akashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Mwalimu wake wa chuoni alilalamika kwamba akiitwa haitiki. Bibi yake akasema, "Mtoto ana nyama za pua." Mama yake alipoona nasitasita, akaniambia maneno niliyoyaona ya haki: "Bwana, kabla ya kukiogopa kisu, kaulize kwanza ni nyama ipi."

Tukaenda, mimi na mtoto, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alitutazama kwa darubini nyembamba, mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba sisi watu watatu wa ukoo mmoja tuliitwa jina moja la ugonjwa, na kila mmoja alikuwa na jambo lake. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza, nami nayaandika kwa faida ya kila mzazi.

Nyama ya kwanza ni ile ya watoto. Iko nyuma ya pua, juu ya koo, mahali ambapo jicho tupu halifiki. Kila mtoto anayo, na kwa kawaida husinyaa yenyewe anapoelekea kubalehe. Ikiwa ni ndogo, mtoto hungojewa. Lakini ikiziba njia ya hewa usingizini, au ikifunga mfereji uendao sikioni hata maji yakatuama ndani na mtoto asisikie vyema, haifai kungojea. Mtoto hupewa nusukaputi, na daktari huiondoa kwa kupitia kinywani, bila ya kuugusa uso. Huu ndio upasuaji aliohitaji binti yangu.

Nyama ya pili ni zile za ubavuni alizokatwa kaka yangu. Hizi si ugonjwa. Ni viungo alivyoviumba Mola ili vipashe hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika kifuani, nazo huvimba na kunywea kwa zamu, upande huu kisha upande ule, kila baada ya saa chache. Huvimba kupita kiasi kwa sababu ya vumbi na mzio, na pia kwa sababu ya yale matone yafunguayo pua mara moja. Matone hayo yakitumiwa zaidi ya siku chache, pua huyazoea, na kila yakiisha nguvu hufunga zaidi kuliko mwanzo. Miaka yangu tisa ilikuwa imejengwa juu ya kosa hilo. Dawa ya kwanza ni kuyaacha, kuosha pua kwa maji safi ya chumvi, na kutumia dawa ya kupuliza inayotuliza uvimbe taratibu. Visipotosha hivyo, ndipo hutumika kisu, na hapo ziko njia mbalimbali. Iko ya kuzinyweza kwa moto wa sindano au mawimbi ya redio, ambayo maumivu yake ni machache, ila pengine uvimbe hurudi. Iko ya kupunguza mfupa na nyama ya ndani huku ngozi ya juu ikihifadhiwa. Na iko ya kuziondoa zote, ambayo hufungua pua sana kwa gharama aliyoilipa kaka yangu.

Nyama ya tatu ni vile vivimbe laini, mfano wa zabibu iliyomenywa, vinavyoning'inia puani na kumpotezea mtu harufu. Hivi hutibiwa kwanza kwa dawa ya kupuliza, na visipopungua hutolewa kwa darubini. Lakini huweza kuota tena, kwa hiyo mgonjwa asiache dawa yake baada ya kupasuliwa. Yafaa vijana wetu wajue kwamba Abulqasim Az-Zahrawi, tabibu wa Kiislamu wa Andalus aliyefariki karibu na mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake cha At-Tasrif namna ya kuvivuta vivimbe hivi kwa kulabu na kuvikata. Naye aliwatahadharisha matabibu wapambanue kwanza, na kile kilicho kigumu na cheusi, chenye dalili za saratani, wasikiguse kwa chuma. Hata leo mtu mzima ambaye pua yake imeziba upande mmoja tu na kutoa damu, asikawie kumwona daktari.

Ama mimi, shina la ugonjwa wangu halikuwa nyama hata kidogo. Ulikuwa ukuta wa katikati, ule wa gegedu na mfupa, uliopinda kuelekea kushoto. Daktari akanieleza kwamba watu wengi wana ukuta uliopinda kidogo na hawana haja ya kisu. Zamani, kwa njia ya Freer wa Marekani ya mwaka 1902 na Killian wa Ujerumani ya mwaka 1904, sehemu kubwa ya gegedu iliondolewa, na baadhi ya pua zikabonyea au ukuta ukatoboka. Tangu miaka ya 1940, kwa kazi ya Cottle wa Chicago na wengineo, matabibu walielekea kuunyoosha ukuta na kuubakisha. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2023, wa watu wazima 378, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopasuliwa ukuta uliopinda walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliotumia dawa za kupuliza peke yake. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2019, wa watu 203, nao ulielekea huko huko.

Pengine mtu atauliza, je, huku si kubadili umbile la Mwenyezi Mungu? Na tumkumbuke sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatika pua katika vita vya Kulab zama za Ujahilia. Alijiwekea pua ya fedha ikaoza, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu imeharimishwa kwa wanaume. Kuondoa madhara si sawa na kutafuta urembo.

Basi nilimswalia Mola wangu istikhara, nikakubali. Binti yangu alipasuliwa kwanza, mimi baada yake. Sitasema ilikuwa starehe. Kwa siku kadhaa pua ilijaa na kuuma, na nilikatazwa kupenga. Nilitawadha bila ya kupandisha maji, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi jambo hilo ni sunna, udhu hausimami wala hauanguki kwalo.

Ewe mzazi, ukiambiwa wewe au mwanao ana nyama za pua, muulize daktari mambo matatu: ni nyama ipi, je, dawa imejaribiwa vya kutosha, na utakata kiasi gani na kubakisha kiasi gani? Daktari mwema hatachukizwa na maswali hayo.

Binti yangu sasa hulala kimya, nasi wazazi tulichukua muda kuuzoea ukimya huo. Nami, usiku wa kwanza pua ilipofunguka, nilisujudu sijida ndefu. Kaka yangu alikuwa kando yangu. Nilipotoa salamu akaniuliza, "Unaisikia hewa?"

Nikamwambia, "Naisikia, kaka."

Akasema, "Alhamdulillahi," akainua mikono kuniombea. Nami namwombea yeye katika kila sijida, na nawaomba nanyi wasomaji mwitikie amina.