Safari Yetu ya Deira: Dhahabu ya Mkononi na Dhahabu ya Simuni

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu wengi wametuuliza juu ya kununua dhahabu na fedha kwa njia ya simu na intaneti: je, yafaa, na mtu ajikinge vipi na matapeli? Tumeona badala ya kujibu kwa maneno matupu, ni bora tuwasimulie safari yetu ya Dubai, kwani jibu lake tulilikuta huko.

Siku mbili kabla ya kuondoka Mombasa, alitujia mama mmoja wa mtaa wetu, mjane, mtu wa heshima na ibada. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoandikiwa na mjukuu wake, nayo ilikuwa anwani ya duka la dhahabu katika soko la Deira. Alitueleza kwamba aliona katika simu picha za duka hilo, vioo vyake vyang'aa, na mikuo midogo ya gramu 10 ya karati 24 ikiuzwa kwa bei iliyo robo chini ya bei ya soko. Akauza bangili zake nne, alizovishwa siku ya harusi yake, kwa nia ya kupata dhahabu nyingi zaidi ambayo baadaye ingemfikisha Hija. Fedha akazituma kwa simu kwa mtu aliyejiita wakala wao. Baada ya wiki akaambiwa atume ushuru wa forodha, akatuma. Kisha akaambiwa atume fedha za bima, akakopa, akatuma. Tangu hapo simu haikupokewa tena.

"Wanangu," alituambia, "labda wamesahau tu. Wakiwaona uso kwa uso wataona haya."

Hatukuwa na la kusema. Tuliipokea ile karatasi tukaitia mfukoni.

Kutoka Nairobi hata Dubai ni mwendo wa saa tano hivi kwa ndege. Wazee wetu waliifanya safari hii kwa majahazi, wakingoja kusi ianze kuvuma, ndipo wakatweka tanga kuelekea Ghuba, na shehena yao ilikuwa boriti za mikoko za Lamu na Rufiji. Dari za nyumba za kale za nchi zile zilishikwa na boriti hizo, basi mtu wa pwani yetu akifika huko hajihisi mgeni kabisa. Mji wa Dubai umekatwa na mkono wa bahari uitwao Khor, na upande wa kaskazini wake ndipo ilipo Deira. Vyombo vya abiria viitwavyo abra huvusha watu mchana na usiku, na gatini majahazi yangali yamefungwa, yakipakia friji, magurudumu na magunia ya mchele.

Tulipopanda kutoka pwani tulipita kwanza soko la viungo, tukasikia harufu ya iliki, ubani na ndimu kavu, kisha tukaingia soko la dhahabu. Njia yake imefunikwa kwa paa la mbao, na maduka yamepangana pande zote mbili, dirisha baada ya dirisha: mikufu mipana ya maharusi inayofunika kifua kizima, bangili zilizotungwa kwenye vijiti kama maandazi, na mikuo iliyofungwa katika karatasi zake za uthibitisho. Hapo ndipo ilipopata sifa ile pete kubwa kuliko zote duniani, Najmat Taiba, iliyotengenezwa mwaka 2000 kwa dhahabu ya karati 21, na uzito wake wakaribia kilo 64. Na katika miaka ya 1950 na 1960, soko hili lilikuwa na shughuli kubwa ya mikuo ya tola 10, yaani gramu 116.64, iliyokuwa ikivushwa kwenda Bara Hindi.

Jambo lililotupendeza zaidi kuliko mapambo hayo ni utaratibu wa kuuza. Bei ya dhahabu ya siku hutangazwa kwa kila karati, nayo ni moja sokoni kote. Sonara huweka pambo kwenye mizani mbele ya macho yako, huzidisha gramu kwa bei ya siku, kisha huongeza ujira wa kazi ya mkono. Bei ya dhahabu haishindaniwi. Kinachoshindaniwa ni ujira tu. Pambo huwa na muhuri wa namba: 999 ni karati 24, 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, na 750 ni karati 18. Tangu tarehe 1 Januari 2018 kuna kodi ya asilimia 5 juu ya mapambo, lakini mikuo ya kuweka akiba, ambayo usafi wake ni asilimia 99 au zaidi, haitozwi. Mwisho hupewa risiti yenye uzito, karati na bei, kila kimoja peke yake.

Tulipomaliza kutazama, tulitoa karatasi yetu tukaanza kutafuta. Mtaa tuliuona. Namba ya jengo tuliiona. Lakini katika mlango ule palikuwa na duka la mitandio, na kijana wa dukani akatuambia kwamba sisi si wa kwanza kumjia na anwani hiyo.

Akatuelekeza kwa mzee mmoja sonara, mzaliwa wa Unguja, ambaye ameishi Deira miaka mingi. Mzee huyo alitukaribisha kwa kahawa na tende, akaitazama karatasi, kisha akaitazama picha katika simu yetu. Akacheka kwa huzuni. "Picha hii ni ya dirisha la jirani yangu," alisema. "Wameiiba, na jina wamelibadilisha herufi moja. Lakini ndugu zangu, hata bila ya picha, bei peke yake ilitosha. Mtu akikuuzia noti ya shilingi 1,000 kwa shilingi 750, utamshukuru, au utaitazama vizuri ile noti? Dhahabu ni kama noti hiyo. Bei yake yajulikana dunia nzima. Mwenye dhahabu ya kweli hana haja ya kuitupa kwa robo tatu."

Kisha alitufundisha hila nyingine za wauzaji wa simuni. Wako wanaouza kwa aunsi bila kueleza ni aunsi gani. Aunsi ya dhahabu na fedha ni gramu 31.1, na aunsi ya kawaida ya vyakula ni gramu 28.35 tu, aliyelipa bei ya kwanza akapewa ya pili amepunjwa karibu gramu 3 katika kila aunsi. Wako wanaouza "fedha ya Kijerumani", ambayo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na ndani yake hamna fedha hata chembe. Na wako wanaouza ile sarafu ambayo wazee wetu waliiita reale ya Sham, yenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780, wakidai kwamba ina umri wa zaidi ya miaka 200. Sarafu hiyo ni fedha kweli, gramu 28 na kitu, lakini iliendelea kupigwa baadaye kwa mwaka ule ule wa 1780, basi mwaka ulioandikwa si ushahidi wa umri.

Tulimwuliza juu ya majaribio ya nyumbani. Akasema sumaku ni mwanzo tu: kikivutwa, ni bandia, lakini kisipovutwa bado hujui, kwani shaba na risasi pia hazivutwi. Maji yasema zaidi. Mkuo wa gramu 100 wa dhahabu safi ukizamishwa hupandisha maji kwa mililita 5.2 hivi, wa fedha 9.5, na wa shaba kama 11. Lakini iko metali iitwayo tangsteni, ambayo uzito wake ni sawasawa na wa dhahabu. Matapeli huifunika kwa dhahabu nyembamba, na maji hayawezi kuifichua. Kwa hiyo mkuo mkubwa haununuliwi kwa macho wala kwa beseni la maji. Hupelekwa kwa mpimaji mwenye vyombo.

Tuliporudi nyumba ya wageni usiku ule, tulikumbuka mafundisho ya dini yetu tuliyoyasoma tangu chuoni. Mtume (S.A.W.) alikwisha kutufundisha kwamba dhahabu kwa dhahabu, na fedha kwa fedha, ziwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na zikihitilafiana jinsi, basi mkono kwa mkono. Wanachuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chao cha Amman mwaka 1986, waliamua kwamba noti zina hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka. Basi atoaye fedha leo na kuahidiwa dhahabu wiki ijayo ameingia katika riba ya kuchelewesha, hata kama muuzaji ni mkweli. Na kanuni ya AAOIFI juu ya dhahabu, iliyotolewa mwaka 2016, yakubali umiliki usio wa kushika kwa mkono, kwa sharti dhahabu yenyewe iwepo, iwe imetengwa na kujulikana kuwa ni yako.

Ajabu ni kwamba sisi huidhania hukumu hii kuwa ni uzito juu yetu, kumbe ni ukuta wa kutulinda. Lau mama yetu yule angeshika neno moja tu, mkono kwa mkono, bangili zake zingekuwa mkononi mwake hata leo.

Kwa hiyo twawausia ndugu zetu, wanawake kwa wanaume, haya. Kwanza, ijueni bei ya siku kabla ya kusikia bei ya muuzaji, na mkimbieni anayeuza chini yake sana. Pili, msitoe fedha ila dhahabu iko mbele yenu, au kwa muuzaji mliyemthibitisha kwa leseni yake na kwa simu mliyoitafuta wenyewe, si ile aliyowapa yeye. Tatu, anayeomba ushuru, bima au ada baada ya kulipwa, msimwongezee hata senti. Hapo ndipo hasara inapokatwa. Nne, dai risiti yenye uzito na karati. Tano, mkibadilisha mapambo ya zamani kwa mapya, uzeni kwanza ya zamani, mpokee fedha, kisha mnunue mapya, ili msalimike na riba. Na mikuo ya akiba ikifika gramu 85 za dhahabu safi na kutimiza mwaka, msisahau zaka yake.

Tuliporudi Mombasa tulikwenda kwa mama yule na ile karatasi. Tulimweleza kwamba duka halipo. Alinyamaza kitambo, akavuta uradi wake, kisha akauliza kama tulikula vizuri safarini. Kesho yake tulifuatana naye polisi na kwa kampuni ya simu, akaandikisha mashtaka yake. Hata leo fedha hazijarudi. Tulipomwomba ruhusa ya kuyaandika haya, alisema: "Andikeni, lakini jina langu msilitaje. Asije mwenzangu akauza bangili zake."

Twamwomba Mwenyezi Mungu amlipe badali iliyo bora, amfikishe Nyumba yake tukufu, na atulinde sisi sote na tamaa zetu na hila za wadanganyifu. Amin. Wabillahi tawfiq.