KATI YA NDIYO NA HAPANA

Sisi viongozi wa wanafunzi, tunaomaliza mwaka wa sita, tumeona vema kuwaeleza hesabu moja inayogusa haki hapa shuleni.

Maji ya kuoga yakiwa vuguvugu, mama hasemi ni ya moto wala ya baridi. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mwalimu wa chuo kikuu huko Berkeley, Marekani, aliiandika akili hiyo kwa hesabu: jambo laweza kuwa kweli kwa kadiri, toka 0 mpaka 1. Maji hayo tuseme ni ya moto kwa 0,6. Si kubahatisha kama mvua itanyesha ao hapana. Maji tumekwisha kuyagusa, tunapima tu namna yalivyo.

Kati ya watu wa kwanza kuitia elimu hiyo katika mashini ni mzaliwa wa ng'ambo ya ziwa letu, Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa Tanzania mwaka 1942. Kule London, yeye na mwanafunzi wake Assilian waliongoza mtambo mdogo wa mvuke kwa sheria za maneno ya kawaida, mfano: mvuke ukizidi kidogo, punguza moto kidogo, ukizidi sana, punguza sana. Kazi yao ilichapwa 1975. Kila sheria inapimwa inahusika kwa kadiri gani, majibu yanachanganywa, halafu linatoka jibu moja.

Angalieni: jibu moja! Wengine watasema kadiri ni kuogopa kuamua. Sivyo. Mashini inaamua, lakini inapima kwanza.

Sasa tuje kwenye daftari la wachelewaji tunaloshika sisi. Lina safu mbili tu: "amefika kwa saa" na "amechelewa". Wa dakika 2 na wa dakika 40 wote wanafyeka majani, wote wanakosa somo la kwanza. Je, ni haki?

Tunaomba safu ya tatu, ya dakika. Tuseme dakika 20 ni kuchelewa kamili, yaani 1. Dakika 2 ni 0,1. Dakika 10 ni 0,5. Anayetembea toka upande wa Mutambala akipata 0,1, aingie darasani, afyeke kidogo wakati wa mapumziko. Anayelala nyuma ya shule akipata 1, huyo afyeke sana. Majani yanaweza kungoja, somo halingoji.

Walimu wetu, tunangojea jibu lenu.